Berlin hakuna konda

Siku ya pili tu nimefika Berlin nikapigwa faini, na wala sikuwa nimedandia treni bure, tiketi ninayo mkononi kabisa, nimeinunua mwenyewe kwenye mashine, euro 3.50 imetoka mfukoni kwangu. Naanza na hilo kwa sababu toka nirudi watu wananiuliza sana, eti Berlin vipi, kuna nini cha kuona, mtu unazungukaje kule na lugha hujui, asa ngoja niseme yote hapa mara moja niachwe nipumzike.

Nilienda Oktoba 2024. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko kule miaka mingi ni nesi, akaniita nikae kwake siku kumi. Mpango ulikuwa anizungushe yeye, ila kufika tu zamu zikabadilishwa, saa kumi na moja alfajiri anatoka, akirudi ni kula na kulala. Akaniambia mdogo wangu mji huu salama, shika simu yako uzunguke mwenyewe. Mi mtoto wa Mbagala kuambiwa zunguka mwenyewe wala hainitishi, kwetu ukipotea si unauliza? Unapanda daladala, konda anagonga bodi anaita Kariakoo Kariakoo mpaka asiyekwenda Kariakoo anatamani apande, nauli anaifata mwenyewe hapo ulipokaa, na ukimwambia kaka nishushe Mtongani hata ukisinzia atakushtua. Ndo usafiri ninaoujua mimi.

Berlin hakuna konda. Hakuna geti pia, hakuna mtu dirishani wala mgambo mlangoni, unashuka ngazi tu unajikuta jukwaani, treni hiyo inaingia, unabonyeza kitufe mlango unafunguka unakaa. Hata mwendokasi yetu ina mageti. Nikasema moyoni hawa watu wanaishi kwa kuaminiana, raha iliyoje.

Kumbe pale jukwaani kuna kikasha, kidogo, kimesimama kama nguzo ya kuegemea, na tiketi ya mashine unatakiwa uichomeke humo igongwe muhuri wa saa na kituo. Isipogongwa ni karatasi tu, sawasawa na huna. Nilikipita kile kikasha naapa nimekigusa na bega. Tumeenda vituo viwili, vijana wawili waliokuwa wamesimama mlangoni, mmoja na begi mgongoni mwingine amevaa kofia ya sufi, nilijua wanachuo, mlango ulipofunga tu wakatoa vitambulisho wakasema Fahrscheine bitte, yaani tiketi tafadhali. Mi nikatoa tiketi yangu kwa mbwembwe. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akanitazama.

Nilijitetea kwa Kiingereza changu chote nilichosomea. Mgeni, jana ndo nimefika, tiketi si hii hapa, ungetaka nigonge niko tayari kugonga sasa hivi. Yule kijana hakukasirika, hakupandisha sauti, hakujikunakuna kichwa kama anayetaka ya soda, anaandika tu. Euro 60. Kwa bei ya euro ya kipindi kile ni kama laki moja na sabini na kitu za kwetu, pesa ambayo nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya zawadi za watu. Na kilichoniuma zaidi ya hela ni lile behewa. Ingekuwa daladala pale pangekuwa na mama mmoja kasema jamani msameheni mgeni huyo, na mzee mwingine kasema sheria ni sheria, tungefika Kariakoo bado wanabishana kesi yangu. Pale hakuna aliyeinua hata jicho kwenye simu.

Dada aliporudi alicheka mpaka akakaa chini. Afu ndo akanipa darasa ambalo nilipaswa kupewa uwanja wa ndege. Mji umegawanywa maduara matatu, A katikati, B pembeni yake, C nje kabisa, na uwanja wa ndege uko C, ndo maana kutoka uwanjani unakata ABC, ukishafika mjini AB inakutosha kwa karibu kila kitu mgeni anachotaka kuona. Tiketi moja ni masaa mawili, unabadilisha treni, basi, tramu unavyotaka ila kwa kwenda mbele tu, kurudi ulikotoka hairuhusiwi. Kama siku hiyo utapanda zaidi ya mara mbili chukua ya masaa 24, ilikuwa euro 9.90, unaigonga mara moja tu unasahau. Au nunua kwa aplikesheni kwenye simu, ila nunua kabla hujapanda, usisubiri uone kofia ya sufi ndo ubonyeze. Toka siku hiyo nikawa nagonga tiketi kama naisalimia, na bado kila kijana mwenye begi mgongoni nilikuwa namtazama mara mbili.

Cha pili kilichonisumbua ni kuvuka barabara. Niliwakuta watu kama kumi wamesimama kwenye taa, barabara nyeupe kushoto na kulia, hakuna gari hata la kusingizia, na wamesimama kwa sababu kale kamtu kekundu kamewaka. Nikavuka. Nyuma nikasikia mama mmoja ananisemea, maneno sikuyajua ila sauti ile ya mama anayesema "mbele ya watoto!" haihitaji kutafsiriwa, na kweli alikuwa na mtoto kamshika mkono. Nikarudi? Sikurudi, nilikuwa nimeshavuka, ila sikurudia tena. Kale kamtu kenyewe kana kofia pana, ni ka taa za iliyokuwa Berlin Mashariki, walikapenda hivo mpaka nchi zilivyoungana wakakataa kasitolewe, leo kanauzwa kwenye vikombe na fulana. Na baiskeli jamani. Ile sehemu ya njia ya miguu yenye matofali mekundu si urembo, ni barabara ya baiskeli, ukisimama hapo kupiga picha utapigiwa kengele, na usipotoka utatukanwa, mi nimepata vyote viwili pale barabara ya Unter den Linden.

Asa kuona mji. Usinunue yale mabasi ya watalii ya wazi juu. Panda basi namba 100, basi la kawaida la ghorofa, tiketi ile ile, linatoka kituo cha Zoo linaishia Alexanderplatz, na humo katikati linapita ule mnara wenye malaika wa dhahabu juu, ikulu ya rais, bunge, karibu kabisa na Lango la Brandenburg, halafu Unter den Linden yote mpaka kwenye kisiwa cha makumbusho. Panda Zoo mwanzoni kabisa ukimbilie juu kiti cha mbele, utagombania na watoto ila usiwaonee huruma. Nilienda nalo na kurudi mara mbili siku moja, nje mvua nyembamba ile isiyonyesha wala isiyoacha, mi ndani nimekaa na koti langu la mtumba nililonunua Karume elfu ishirini, na nilivyoona abiria kavaa la kufanana nalo nikawaza hili koti inawezekana limerudi kwao.

Bunge lile lina kuba la kioo juu, na kulipanda ni bure. Ndiyo, bure. Ila lazima ujiandikishe kabla mtandaoni, jina na tarehe ya kuzaliwa, wanakupa siku na saa, na siku yenyewe unakwenda na pasi ya kusafiria. Mi nilikwenda kienyeji nikidhani nitaongea na mlinzi vizuri. Mlinzi aliongea na mimi vizuri pia, na sikuingia. Dada akaniandikisha usiku ule, tukapata nafasi siku nne mbele. Ukiwa juu unazunguka njia kama ganda la konokono, katikati kuna vioo vinavyoshuka chini, na ukichungulia unaona viti vya wabunge wao uko juu ya vichwa vyao, nilipenda hiyo, mwananchi juu mbunge chini. Na makumbusho ya Pergamon ambayo kila mtu aliniambia nisiyakose nilikuta yamefungwa kwa ukarabati, yamefungwa toka Oktoba 2023 na ni la miaka, ningeangalia simu dakika moja ningejua, badala yake nilisimama mbele ya uzio nikipiga picha winchi.

Mnaona lakini? Ni yale yale ya kikasha. Kila kitu kimeandikwa mahali, hakuna wa kukwambia. Jumapili nimeamka dada yuko kazini, friji ina mtindi na limao, nikatoka kwenda dukani, maduka yote yamefungwa, mtaa mzima, nikadhani kuna msiba wa kitaifa. Jumapili supamaketi zinafungwa basi, isipokuwa zile za ndani ya stesheni kubwa na vile viduka vya vijana wanaviita Späti. Nikaishia kula kebabu ya Waturuki Kottbusser Tor, euro 7, imeshiba nyama na saladi mpaka unaila umeinama usichafue viatu, na kwa sisi tunaoangalia halali pale ndo pa kukimbilia, zile soseji zao maarufu za mchuzi wa kari nyingi ni nguruwe, uliza kwanza. Na uwe na keshi, hapo nilipokula kadi hawataki, nami nilidhani Ulaya nzima ni kugusisha tu. Chupa tupu usitupe, ya plastiki ina euro 0.25 yako ndani, unarudisha kwenye mashine supamaketi inakutolea risiti ya hela. Mwenyewe wiki ya mwisho nilikuwa natembea na mfuko, hapo ndo nikajua nimekuwa mwenyeji. Maji ya bomba yananyweka, choo cha mjini nilichoingia kilikuwa cha kulipia, senti 50, kama stendi tu.

Ukuta, ule uliougawa mji Mashariki na Magharibi. Watu wote wanakimbilia Checkpoint Charlie, palipokuwa pa kuvukia, na mi nasema wazi, pale pameniudhi, kibanda cha maonesho katikati ya barabara na watu wanapiga selfi, unamaliza dakika tano. Nenda Bernauer Straße. Ni bure, na wameacha kipande cha ukuta na lile eneo la kifo la nyuma yake, ambapo aliyejaribu kuvuka alipigwa risasi, na mnara wa askari umo, unapanda ghorofa jirani unaona kwa juu. Mtaa ule nyumba zilikuwa Mashariki ila njia ya miguu ya mbele yake ikawa Magharibi, kwa hiyo Agosti 1961 ukuta ulipoanza watu walikuwa wanaruka madirishani, zimamoto wa Magharibi wanawadaka chini kwa shuka, mpaka madirisha yakazibwa kwa matofali. Nilisimama pale mbele ya picha ya mama mzee ananing'inia dirishani, juu wanamvuta mikono chini wanamvuta miguu, nikashindwa kuendelea kwa muda. Mjini kwengine utaona mstari wa mawe mawili mawili umekatisha lami, unapita katikati ya barabara, chini ya magari. Ndo ulikuwa ukuta huo.

Ila kitu nilichotaka kuwaambia kweli kiko kwenye treni ya chini U6, na hakuna aliyeniambia, hata dada.

Mama yangu ni wa Lindi. Kuna kituo U6 kinaitwa Naturkundemuseum, unatoka unatembea kidogo unafika makumbusho ya viumbe, unaingia mlango mkubwa, na hapo hapo ukumbi wa kwanza, kabla hujavua koti, anakusimamia mjusi wa Tendaguru, kule kule Lindi. Mita 13 na kitu kwenda juu. Nilikuwa nimemsikia toka shuleni, dinosaria wa Lindi yuko Ujerumani, lakini kusikia ni jambo lingine, pale nilisimama pembeni ya mguu wake wa mbele nikawa sifiki hata gotini, shingo inapanda mpaka karibu na paa la vioo na kichwa kidogo huko juu kama cha twiga aliyesahau kitu. Wamemchimba kati ya 1909 na 1913, yaani vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani imeisha 1907, watu wa kusini wametoka kwenye vita na njaa, miaka miwili baadaye ndo wanachimba na kubeba mifupa kichwani kutoka Tendaguru mpaka bandari ya Lindi, safari ya siku nne kwa miguu. Zaidi ya tani 200 zilipanda meli. Na si yeye peke yake, wengi wa ukumbi ule ni wa kwetu, yule mwenye miiba mgongoni Kentrosaurus naye Tendaguru. Kuna msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, mtaalamu haswa wa kuitoa mifupa kwenye udongo, na wanasayansi mwaka 2007 walimpa dinosaria mmoja jina lake, Australodocus bohetii. Nililitamka mara tatu. Boheti. Jina la mtu wa kwetu kabisa, unaweza kumkuta anauza korosho.

Nikampigia mama video. Bando langu lilikuwa zuri, Dar wametuzidi saa moja tu, alikuwa anapembua mchele. Nikageuza simu nikamwonyesha taratibu kutoka kwato mpaka kichwa. Akasema ndo yule mjusi wanaemgombaniaga bungeni? Nikamwambia ndo yeye mama. Akanyamaza kidogo anaangalia. "Umelipa kuingia?" Nimelipa. "Umelipa kumwona mjusi wa Lindi?" Ndiyo mama. Akaangua kicheko mpaka mchele ukamwagika, nikasikia anamwita jirani, njoo uone, mtoto kalipa Ulaya kumwona mjusi wa kwetu. Watoto wa Kijerumani wa safari ya shule wote wamegeuka wananiangalia mimi badala ya mjusi.

Kutoka pale unapanda U6 hiyo hiyo kuelekea kaskazini vituo saba unafika kituo kinaitwa Afrikanische Straße. Sikupanga, niliona tu jina kwenye ramani juu ya mlango wa treni nikasema siachi. Ni mitaa ya makazi, kimya, magorofa ya chini chini na miti inapukutisha majani, hakuna mtalii hata mmoja, na vibao vya mitaa ndo hivi: Togostraße, Kameruner Straße, Sansibarstraße. Unasimama Sansibarstraße na baridi inakukata masikio. Majina hayo walianza kuyaweka wakati wa ukoloni, wakijisifia mali zao. Mtaa mmoja ulikuwa na jina la Peters, Karl Peters yule yule wa mikataba ya Usagara, tuliyemsoma darasani kwamba wenyeji walimwita mkono wa damu. Baadaye wakasema sasa hilo jina ni la Peters mwingine, mtu mwema aliyempinga Hitler, wakaacha kibao kile kile. Watu wa pale, Waafrika wa Berlin hasa, wakapiga kelele miaka na miaka. Agosti 2024, miezi miwili tu kabla sijafika, jina likatolewa.

Nilikitafuta kibao cha jina jipya kwa miguu, nikakosea njia mara moja, nikauliza mzee mmoja anatembeza mbwa akanionyesha kwa fimbo. Kibao cheupe maandishi meusi, kipya kinang'aa. Maji-Maji-Allee. Chini yake cha zamani bado kilikuwepo, kimepigwa mstari mwekundu, wao huacha vyote viwili kwa muda watu wazoee. Nimesafiri usiku kucha kwa ndege, nimelipishwa faini, nimesemwa na kina mama, na ghafla Kiswahili kimesimama juu ya nguzo kinanisubiri. Sijui niseme vipi. Niliishika ile nguzo.

Nikampigia mama tena, hapa kila mtu ameingia ndani, jua linazama saa kumi na mbili na robo. Mama huyu babu yake alisimuliwaga habari za maji ya Kinjeketile, ile dawa ya wapiganaji wa Maji Maji, akiwa mtoto. Nikamsomea kibao. Hakucheka safari hii, akaniomba nisogeze karibu asome mwenyewe, akasoma herufi kwa herufi, neno la mwisho la Kijerumani akaliacha.

Afu akauliza, "Na wanaokaa hapo ni watu gani?"

Kule milangoni kengele haziandikwi namba ya nyumba, zinaandikwa ukoo wa mtu, kwa hiyo nikaenda mlango wa kwanza nikamsomea mama majina yote kwa simu kuanzia juu, Schulze, Kaya, Nowak, lingine lilikuwa refu likanishinda, na kwenye safu ya chini nikakuta Mohamed.

"Bonyeza," mama akasema. "Muulize wa Lindi au wa Kilwa."

Sikubonyeza jamani. Mama mpaka leo ananilaumu.